Mtoeni Mama Juani

Vijana wanaoanza kazi ya ukunga hapa Bunia wakija kunisalimu, chai haijapoa wanaanza kuniuliza habari za risasi. Mama Véro, mlikimbilia wapi? Mama Véro, ni kweli mlizalisha watu chini ya kitanda? Ni kweli, na sakafu ilikuwa baridi. Lakini hizo habari kila mtu wa umri wangu anazo, muulizeni hata muuza sukari wa sokoni. Mimi nataka kuwaambia habari za mkojo.

Msicheke. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na zaidi, mingi yake katika maternite moja ndogo ya hapa mjini, nyumba ya matofali yenye chumba cha mashauri, chumba cha kuzalia, na korido ambayo mwisho wake palikuwa na labo ya kupimia damu na mkojo. Mambo mengi niliyosoma shuleni nimeyasahau. Haya nitakayowaambia sikuyasoma shuleni, niliyapata kwa aibu, na kitu ukikipata kwa aibu hakitoki kichwani.

Wakati wa vita, bomu lilitua barabara ya nyuma na vioo vya chumba cha mashauri vikamwagika vyote. Vioo vya kununua havikuwepo. Tukapata plastiki ya bluu, ile iliyokuwa ikigawiwa wakimbizi, nikapanda juu ya kiti na kuipigilia misumari mimi mwenyewe kwenye madirisha yote mawili. Nilijivunia kazi ile. Upepo haukuingia, vumbi halikuingia, na wapita njia hawakuweza kuona nani yuko ndani. Wamama walisema chumba kimekuwa kizuri kama kanisa. Nguo zetu nyeupe zikawa bluu, fishi za wagonjwa zikawa bluu, uso wa kila mtu bluu. Baada ya wiki mbili hakuna aliyeona tena kwamba ni bluu.

Ndani ya chumba hicho niliangalia macho ya wajawazito mamia. Nilishusha kope ya chini, nikatazama, nikaandika: macho mazuri.

Sasa, upele. Kambi za wakimbizi zilijaa watu waliotembea kutoka kila upande wa Djugu, wakilala kumi mahali pa watu wawili, na maji ya kuoga ni yale ya kubembeleza. Kila mtu alijikuna. Tulikuwa na ile dawa nyeupe kama maziwa, inayonuka hadi barabarani, na mimi nilikuwa na brashi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi sana. Mtu akiinua tu mkono kujikuna, nimeshampaka. Siku moja nilimpaka mke wa chifu wa kata kutoka shingoni mpaka miguuni, kumbe alikuwa ameumwa na mbu na alikuja kumletea jirani yake uji. Alirudi kwake ananuka, na kwa mwaka mzima hakunijibu salamu. Nilistahili.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mave alipokuja.

Mave alikuwa mama wa miaka ishirini na mitano hivi, ametoka upande wa Kilo na mama mkwe wake. Mume alikuwa amebaki huko kwenye mashimo ya dhahabu na hawakujua kama yuko hai. Mimba ilikuwa ya tatu, imefika mwezi wa nane. Zile mbili za kwanza mtoto alitoka amekufa, mara zote mbili karibu kabisa na mwisho, baada ya kucheza vizuri tumboni miezi yote. Mama mkwe aliniambia hayo kwa sauti ya chini, Mave akiwa ameinama anajikuna viganja. Aliongeza kwamba kule kwao watu walianza kusema mkwe wake amefungwa na mtu kwa uchawi, na kwamba yeye mwenyewe haamini, lakini akipoteza na huyu atashindwa kumtetea.

Mave akasema, "Mama, mikono na miguu iko naniwasha, zaidi mu viganja. Usiku silale. Na zile mimba ingine ilikuwa vilevile."

Nililisikia lile neno la mwisho. Nawaambia ukweli, nililisikia. Lakini kulikuwa na watu arobaini kwenye benchi, na brashi ilikuwa mkononi. Nikaandika "upele" kwenye fishi, nikampaka. Alirudi baada ya siku nne, nikampaka tena. Aliporudi mara ya tatu ngozi ilikuwa imeungua kwa dawa, na alikuwa amejikuna nyayo kwa jiwe mpaka zinatoa damu. Nikamgombeza kwamba hafui nguo zake. Akasema pia mkojo wake umekuwa mweusi kama chai isiyotiwa maziwa. Wakati ule Bunia nzima ilikuwa inameza kinini ya malaria, kwa hiyo kinini ndiyo ilibeba lawama za kila kitu: masikio yakilia, kinini, mkojo ukibadilika, kinini. Nikamwambia ni kinini. Nikamtuma labo alete mkojo kwa sababu ilikuwa desturi, wala sikutegemea kitu.

Labo ilikuwa ya Muzee Basile. Huyo ndiye mwalimu wangu, ingawa hakupenda kuitwa hivyo. Alikuwa na miwani iliyofungwa nyuma ya kichwa kwa kipande cha bendeji, na darubini moja aliyoizungushia kitambaa kila jioni na kwenda nayo nyumbani kwa baiskeli ili waporaji wasiikute. Kwa Muzee Basile chupa isiyo na jina haikutazamwa. Aliwahi kuukataa mkojo wa dokta mwenyewe kwa sababu hakuandika jina, na dokta alirudi na chupa nyingine, amepiga mstari chini ya jina lake. Umeme haukuwepo, mashine hazikuwepo, lakini mzee yule alikuwa na kioo, jua, na subira.

Alichofanya na mkojo wa Mave, fanyeni na ninyi, hata kama mna mashine mpya za siku hizi. Aliutia kwenye kichupa kirefu cha kioo, akaziba mdomo kwa kidole gumba chenye glavu, akautikisa kwa nguvu, akauweka mezani. Mkojo wa kawaida hutoa povu jeupe nalo hufa haraka. Mkojo wenye nyongo hutoa povu la njano, nalo hukaa. Mzee alikaa kulitazama povu lile la njano kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Kisha akaja mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hakulizoea, kwa kawaida tulimfuata sisi.

Akauliza, "Véro, huyu mama ulimuangalia macho wapi?"

Nikajibu, "Hapa, mu chumba."

Alitazama madirisha yangu mawili ya bluu. Hakucheka. "Umutoshe inje, ku jua."

Kutoka nje wakati ule hakukuwa jambo dogo. Ua wetu ulikuwa wazi upande wa barabara, na siku mbili kabla risasi ilitoboa pipa la maji pale pale. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa kimya. Nikamshika Mave mkono, tukatembea hatua sita hivi mpaka penye mwanga, nikashusha kope yake ya chini.

Njano. Si njano ya kubahatisha, ni njano ya yai la kuku wa kienyeji. Mama mkwe aliyekuwa nyuma yetu naye akaona, akakaa chini kwenye kokoto. Yeye pia hakuwahi kuona, maana ndani ya kibanda chao kule kambini walikuwa wamefunikwa na plastiki ile ile ya bluu, na mwanga wa bluu huficha njano. Nilisikia aibu. Wiki mbili nilikuwa nampaka dawa ya upele mama ambaye ini lake lilikuwa linalia, na mtoto wake yuko mahali pale pale wenzake wawili walipofia.

Hapo ndipo niliposikiliza vizuri. Upele hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na utaona vipele vyake. Mave hakuwa na kipele hata kimoja. Alikuwa na mikwaruzo ya kucha zake tu, na muwasho ulianzia viganjani na nyayoni. Ukiona hivyo kwa mjamzito, weka brashi chini.

Dokta wetu, mmoja tu aliyebaki, alitueleza akiwa amesimama koridoni. Nyongo inatengenezwa na ini nayo inatakiwa kushuka tumboni. Kuna wajawazito ambao nyongo yao inakwama, inarudi kwenye damu, ndipo ngozi inawasha. Mara nyingi ni mimba yenyewe inayofanya hivyo, tena kwa ukoo, na mtoto akitoka yote yanaisha. Kwa mama ni mateso, kwa mtoto ni hatari, maana anaweza kufa ghafula mwishoni. Lakini, akasema dokta, msikimbilie kusema ni mimba. Kwanza tafuteni ugonjwa wa kuambukiza uliojificha hapo, unaofanana nayo au unaoisukuma.

Basi tukatafuta kwa vile tulivyokuwa navyo. Muzee Basile alitazama damu, malaria hakuna. Akatazama mkojo kwa darubini, akakuta usaha, maana yake njia ya mkojo ilikuwa na maambukizo, na dokta akaagiza dawa yake siku hiyo hiyo. Lakini kilichotutisha zaidi kilikuwa ile homa ya ini inayopita katika maji machafu. Kule kambini walichota mtoni, na ugonjwa ule ukimkuta mjamzito miezi ya mwisho unaweza kumchukua kwa siku chache. Kipimo chake hatukuwa nacho. Tulikuwa na macho tu. Nilipewa kazi ya kumuuliza Mave kila asubuhi na kila jioni: una homa, unatapika, una usingizi wa ajabu, unasahau jina la mtu? Siku ya tatu alichoka na maswali yangu, akaniambia jina langu, jina la babu yake, na majina ya wamama wote wa chumba kwa mpangilio wa vitanda, kisha akaomba sahani ya pili ya sombe, yale majani ya mihogo. Nilikwenda nyuma ya jiko nikashukuru Mungu. Mtu ambaye ini linamwangusha haombi sahani ya pili.

Vilibaki virusi vingine, vile vya kwenye damu. Muzee Basile alikuwa na vipimo vichache alivyoviweka kwa ajili ya damu ya kuongezea majeruhi, na alivilinda kuliko darubini. Alitoa kimoja cha kila aina kwa ajili ya Mave bila kuombwa. Homa ya ini aina ya B, mstari haukutokea. Aina ya C, ukatokea.

Dokta alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema hawezi kuapa kwamba kirusi hicho ndicho kilichokwamisha nyongo. Kilichojulikana ni kwamba wamama wenye kirusi hicho wanaonekana kupata muwasho huu mara nyingi kuliko wengine, kana kwamba ini lililokwisha kuchoka halivumilii mzigo wa mimba. Mkikuta ugonjwa mmoja, alisema, tafuteni wa pili, maana ini haliwezi kuwaambia ni nani aliyelipiga. Kisha akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, mama huyu ameongezewa damu lini? Hajawahi. Amepasuliwa lini? Hajawahi. Basi ni sindano, akasema, na akaenda zake, maana majeruhi walikuwa wanamngoja.

Mimi nilibaki nimesimama koridoni. Nilipokuwa kijana kama ninyi, nilizunguka vijiji vya Kilo na timu ya kuchoma sindano za chanjo. Tulikuwa na sufuria moja na jiko la mafuta ya taa. Sindano zilikuwa chache, watoto walikuwa wengi, na maji yalitakiwa kuchemka dakika ishirini. Mkubwa wetu alikuwa na haraka, nasi tulikuwa na njaa. Nawaambia ninyi ambao leo mnafungua sindano mpya kwenye karatasi yake na kuitupa: hatukungoja dakika ishirini. Na Mave alikuwa mtoto mdogo wa Kilo miaka ile ile.

Ningeweza kukaa kimya. Lakini kesho yake nilimkuta juani, maana sasa tulikuwa tunamtoa nje kila asubuhi, nikakaa kando yake.

"Mave," nikasema, "zamani nilipitaka Kilo na sindano ya kuchemusha. Hatukukuwa tunachemusha muzuri. Pengine ni siye tulikutia ule mududu."

Alinigeuzia macho yale ya njano. "Mama Véro, weye uko na hakika?"

"Hapana. Siko na hakika."

"Basi unisaidie huyu mutoto atoke muzima. Ile ingine tutasema kisha."

Ikawa hivyo. Nilimpa kikopo chenye punje za mahindi. Kila mtoto akicheza, toa punje moja, weka mfukoni. Jioni nahesabu mfuko. Punje haziponyi kitu, na mtoto anaweza kucheza leo akaondoka kesho, hilo dokta alinionya. Lakini mama aliyekwisha poteza wawili anahitaji kitu cha kushika, na mimi nilihitaji pia. Mama mkwe aliacha kuzungumza juu ya mtu aliyemfunga mkwewe. Alijifunza kutikisa mkojo mwenyewe, akawa anamwita Muzee Basile aje aone povu, na mzee, ambaye hakuwa na uvumilivu na mtu yeyote, alikuwa anakuja.

Swali lilikuwa siku ya kumzalisha. Ultrasoni haikuwepo. Tulipima tumbo kwa utepe wa fundi cherehani, tukamuuliza Mave aliona damu ya mwisho lini. Akasema ilikuwa juma lile walipopanda maharagi ambayo hawakuyavuna. Mama mkwe akahesabu tangu kupanda maharagi, mimi nikahesabu kwa utepe, tukatofautiana kwa siku tano. Dokta akachagua siku kabla ya ule wakati ambao wale wawili walikufa. Nyongo ikikwama damu hushindwa kuganda vizuri, basi siku tatu mfululizo nilimchoma vitamini K, na kila sindano nilimwonyesha karatasi ikifunguliwa. Hakuniomba. Nilikuwa najionyesha mwenyewe.

Siku ya kumzalisha kulikuwa na milio upande wa uwanja wa ndege, ikija ikirudi. Tulitandika godoro sakafuni kama kawaida yetu, chupa ya dawa ya kuanzisha uchungu tukaitundika kwenye msumari, dokta akarekebisha matone na kwenda kwa majeruhi, akirudi kila mara kuchungulia. Mimi nilikuwa na kile kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, nimekibandika sikioni. Milio ikiongezeka nilikuwa siusikii moyo, na kila nisipousikia nilikuwa nakufa kidogo. Mave hakupiga kelele. Aliniangalia uso tu, kusoma humo. Ikabidi nijifunze kutabasamu na kipembe sikioni, nikiwa sisikii chochote.

Saa tisa alasiri msichana akatoka, mdogo, mwekundu, amekunja uso kama tumemkosea. Alilia kabla sijamfuta. Mama mkwe naye akalia kwa sauti kubwa kuliko mtoto, ikabidi nimwambie anyamaze nisikilize kifua cha mtoto. Damu ya mama ilitoka kiasi cha kawaida, ikakoma. Niliingia kwenye labo kumpa Muzee Basile habari, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniuliza kama nimeandika jina kwenye chupa ya mkojo wa leo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku nilipojenga nyumba yangu.

Siku ya tatu niliingia chumbani asubuhi nikamkuta Mave amelala, viganja viko juu ya shuka, vimefunguka, havikuni kitu. Nilisimama nikivitazama. Baada ya wiki tano povu lake lilikuwa jeupe na lilikufa haraka. Kirusi kilibaki, ndiyo, nacho kilifuatiliwa mpaka dawa zake za kweli zilipofika, miaka mingi baadaye. Mtoto walimpima alipofikisha mwaka na nusu, barabara ya Komanda ilipofunguka na vipimo vikaanza kupita, naye hakuwa nacho.

Plastiki ya bluu? Niling'oa misumari siku ile ile nilipomtoa Mave juani. Madirisha yakabaki wazi, tukapigwa na vumbi na mbu, wenzangu wakaninung'unikia. Nikawajibu kwamba mtu anayetaka bluu aende kanisani.

Sasa mwezi uliopita kijana mmoja wa kike alipiga hodi hapa kwangu, tumbo limefika miezi saba. Uso wake niliujua kabla hajasema jina. Ni Faida, yule msichana wa Mave. Nikamwambia ingia mwanangu, chai iko tayari. Akabaki amesimama mlangoni.

"Tate," akasema, yaani bibi, "mama alinikataza nisiingie kwanza. Alisema: usikubali Mama Véro akuangalie ndani ya nyumba."

Niliogopa, maana ugonjwa huu unakwenda kwa ukoo, na mama yake hatumi watu bure. Nikamwuliza kama viganja vinawasha, akasema hapana, ni mama tu anaogopa. Nikauliza kama mama yake alisema jambo jingine lolote kwa ajili yangu, lile la zamani la sindano, tuliloacha bila kulimaliza. Faida akafikiri, akasema, "Alisema umuangalie mutoto wake muzuri, juu anamuacha mu mikono yako."

Nikamshika mkono tukatoka uani, mpaka penye jua kabisa. Nikashusha kope ya kwanza, nikashusha ya pili, nikarudia ya kwanza kwa sababu mimi ni mzee na macho yangu yalikuwa yamejaa maji.

Meupe. Yote mawili, meupe kama maziwa. Nikamwambia sasa ingia, chai inapoa.